Nyuma ya Picha ya Mlima

Wageni wangu hapa Arua huniuliza kwa nini mtu mzima amejaza kuta zake picha kuukuu za milima na mito. Nimechoka kujibu. Ni picha za miaka ya hamsini na sitini, zilizochapwa kwa skrini, yaani kitambaa kinachopitisha wino, rangi moja juu ya nyingine. Nazikusanya, basi.

Ya kwanza niliipata kwa ubaya. Tulipokimbia vita kwenda Zaire mwaka 1979, mama aliiacha ukutani, nyumbani kwetu Koboko, picha ya mlima wa buluu na mto. Alifia ukimbizini akiitaja. Niliporudi, nyumba yetu haikuwa na hata mlango, lakini kwa jirani, mjane wa askari, picha ilikuwa inaning'inia. Nilimwita mwizi mbele ya watoto wake, huku nalia. Aliitungua akanipa.

Njiani niliona pembe zote ni nzima, wakati yetu iliunguzwa pembe moja na taa. Nikajiambia nimesahau. Sikutaka kujua zaidi.

Miaka sita baadaye, sokoni Arua, nilimkuta muuza chai amezibia dirisha picha ileile, mlima, mto, na pembe iliyoungua. Kumbe skrini moja hutoa picha nyingi zisizo na tofauti. Nilimpa kipande cha bati azibie dirisha, nikachukua ya mama.

Kesho yake nilipanda lori kwenda Koboko na ile nzima kwapani, hoi kabla hata ya kufika. Mjane alikuwa anaanika mihogo.

"Mama, ile picha haikuwa yetu. Nisamehe."

"Mimi najua. Iko yangu."

"Mbona hukusema?"

"Siku ile wewe nalia mama yako. Mimi naona, wewe hakuna kitu. Mimi iko na watoto."

Akafuta mikono, akaipokea picha, akaigeuza. Nyuma, kwa penseli, kulikuwa na majina mawili, la mumewe na lake. Aliyapapasa polepole.

"Yeye naandika hii mbele ya kwenda vita," alisema. "Kitu ingine yake hakuna."

Aibu ilinishika, nikakosa pa kutazama. Miaka sita picha ile ilikaa ukutani kwangu, na sikuwahi kuigeuza.