Nilimwacha bi harusi amesukwa nusu kichwa

Kosa ni langu, na nalisema mwenyewe kabla mtu mwingine wa Lodwar hajawasimulia kwa njia yake.

Mimi ni msusi. Nina saluni ndogo hapa mjini, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa mgonjwa wa bendi moja ya roki ya Kakuma, nitaiita Waya Moto. Ni wakimbizi wanne kutoka Kongo na Sudan Kusini. Nilipoanza kuwafuata walikuwa vijana wembamba. Sasa mwimbaji wao, Jeremi, ana kitambi. Bado nampenda. Nampenda kwa muziki, mume wangu akisoma aelewe hivyo.

Mwaka huu wakapata safari ya kuhamia ng'ambo. Jeremi anaenda Kanada, mpiga ngoma Australia. Wakatangaza konsati ya kuagana, Jumamosi saa tisa mchana, Kakuma.

Jumamosi hiyo hiyo nilikuwa nimeahidi kumsuka Akiru, anayeolewa Jumapili. Alitaka misuko midogo kabisa, ile ambayo hapa naisuka mimi peke yangu. Ningemwambia ukweli mapema. Sikumwambia. Nilijidanganya kwamba tukianza alfajiri nitamaliza.

Saa tano nilikuwa nimemaliza upande wa kushoto tu, na dereva wa gari ya Kakuma akanipigia kwamba anaondoka.

"Akiru, uzi umeisha," nikamwambia. "Ngoja hapo, nakimbia sokoni."

"Usichelewe, fundi," akasema, akiendelea na chai yake.

Nikapanda gari, nikazima simu. Aibu ilinikaa mpaka tulipovuka daraja, kisha ikashuka.

Kakuma nilisukumana mpaka mbele kabisa. Wimbo wa kwanza niliruka, wa pili nililia, wa tatu nikavua viatu. Sikujua kuna mtu alikuwa anarusha konsati mtandaoni moja kwa moja, na mimi ndiye nimejaa kwenye picha. Akiru aliniona akiwa bado amekaa kwenye kiti changu.

Saa kumi na moja hivi nikaguswa bega. Kugeuka, ni Akiru. Kushoto misuko imelala vizuri, kulia nywele zimesimama zote. Nyuma yake shangazi yake, mama wa shanga mpaka kidevuni, ameshika mfuko wangu wa nyuzi.

"Ejok, fundi," shangazi akanisalimu, kwa upole ulionitisha. "Uzi ulipata?"

Akaomba kiti cha plastiki, akakiweka kando ya spika, akakigeuza kiangalie vyoo, akamkalisha Akiru.

"Suka."

Nikasuka, mgongo wangu ukiwa kwa jukwaa. Kila nikigeuza shingo, shangazi aliirudisha kwa mkono wake.

Jeremi akaniona. "Ule dada wa Lodwar," akasema kwa maikrofoni, na Kiswahili chake cha Kongo, "miaka yote anakuyaka kuruka hapa mbele. Leo anatupatia mugongo. Tulimukosea nini?"

Uwanja mzima ukacheka. Kisha akaita mashabiki wa zamani wapande jukwaani, waimbe naye wimbo wa mwisho. Nikainua mkono ulioshika uzi. Shangazi akaushusha.

Basi wimbo niliousubiri miaka kumi na moja niliusikia nikitazama milango miwili ya bati, na watu wakipanga foleni wamebana miguu.

Nilipofunga msuko wa mwisho ilikuwa usiku, bendi wanakunja nyaya. Jeremi akapita, akaangalia kichwa cha Akiru, akasema, "Iko safi sana." Aliposikia ni bi harusi, akampa ile plastiki yake ya kupigia gitaa iwe zawadi ya ndoa. Akiru hapendi roki. Aliniuliza ile kitu ni ya kufungua soda ama ni ya nini.

Tulirudi Lodwar kwa gari ya kina Akiru, hakuna aliyenisemesha. Karibu na nyumbani nikajikaza nikamwomba Akiru msamaha, nikamweleza kila kitu, kwamba siku zimegongana na niliogopa kumpoteza kama mteja.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ijumaa nilishinda nyumbani sina kazi."

Nyinyi mnaosoma, kama siku zenu zimegongana, mwambieni mtu mapema, hata kama mnaogopa atakasirika. Muulizeni hiyo Ijumaa yuko wapi.