Shangazi wa Mkwaja alivyookoa kazi niliyoifuta kwa herufi tatu

Salaam wakuu. Hili limenikuta mwenyewe, na nitalisema kama lilivyo hata pale linaponivua nguo.

Kwanza mnijue. Muscat nilienda kubeba maboksi dukani, nikajisomesha kwa jasho langu hadi diploma ya kompyuta. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo niko Raskazone, ofisi ya watu watatu, tunatengeneza mifumo. Spidi yangu kwenye keyboard inajulikana.

Siri ya spidi ni vifupisho. Amri za git, programu ya kutunza kazi za wenye kuandika mifumo, siziandiki kwa urefu. Nikiandika gp ni git push, kupeleka kazi kwenye server, kompyuta kuu tunayochangia wote. Nikiandika gpf ni git push --force, kupeleka kwa nguvu, na kilichokuwepo kule kifutike.

Muscat, baada ya diploma, nilikuwa naandika mifumo peke yangu, kwa hiyo vidole vilizoea gpf. Nani angelalamika?

Ijumaa moja, kabla ya kwenda msikitini, nikapeleka marekebisho yangu madogo, bila kwanza kuvuta kazi za wenzangu. gpf, enter, kanzu, huyo nikaondoka.

Narudi, bosi yuko mlangoni. Rejista ya chanjo, mfumo tuliokuwa tunaujenga, haipo kwenye server. Wiki tatu za kazi ya mwenzetu Zuhura, nimezifuta. Na wenye zahanati ya Pongwe wanakuja saa tisa kuiona, ndipo waamue kama kazi watupe sisi.

Nakala nyingine ilikuwa kwenye laptop ya Zuhura tu. Na Zuhura yuko Mkwaja, harusini kwa dada yake.

Nikampigia. Laptop anayo, bando lipo, ila mikono yote miwili ina hina mbichi. Akasema atamkalisha shangazi yake, fundi cherehani ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

Nikajua tumekwisha.

Nikamsikia akimwelekeza: andika g, andika l, sasa bonyeza kile kitufe kirefu cha chini.

Kisha shangazi: "Mwanangu, mbona yametoka maneno mengi kuliko niliyoandika?"

"Nisomee yote, shangazi."

Akasoma herufi moja moja, git pull, yaani kuvuta yaliyoko kwenye server na kuyaunganisha na yake.

"Hapo sawa. Bonyeza enter."

Wakuu, kumbe Zuhura anatumia abbreviations za fish, programu ya kuandikia amri, siyo alias, vifupisho vya kawaida kama vyangu. Ukigonga space, kifupisho kinajitandaza palepale kuwa amri kamili. Unaiona yote kabla hujabonyeza enter. Alias yangu inabaki herufi tatu hadi madhara yatokee.

Ikafuata gp, nayo ikatanuka, ikasomwa, ikaenda. Saa nane na nusu rejista imerudi, na marekebisho yangu yamo humohumo.

Kabla hatujaagana Zuhura akaniuliza, "Kaka Hemedi, ile yako ya leo ungeisoma yote kwa sauti, ungebonyeza?"

Nikamwambia simu inakatika.

Shangazi akadakia: "Haikatiki, tunakusikia vizuri."

Kazi ya Pongwe tuliipata. Alias zote nimezihamishia kwenye abbreviations, na gpf nimeifuta kabisa. Spidi iko vilevile, msije mkadhani nimezeeka. Ila sasa nasoma kwanza, kama shangazi.

Mnaojua kwamba kazi ile hata kwenye server ingeweza kufufuliwa, semeni tu, ngozi yangu ngumu. Na wewe, vidole vyako viliwahi kukutia aibu kwa amri gani?