Sikio Anayesikiliza kwa Meno

Saa mbili asubuhi. Sakafu ya gereji bado ina ubaridi, na mzee wa miaka sitini na saba ameinama juu ya injini inayonguruma, mpini wa bisibisi kaubana kwa meno. Ncha ya bisibisi imegusa chuma cha injini, mbali na feni. Macho ameyafumba. Masikio ameyaziba kwa pamba, na juu ya pamba amevaa vifuniko vikubwa vyekundu kama vya wavunja mawe.

Anayemwona kwa mara ya kwanza hucheka, kisha hujiuliza kimoyomoyo kama mzee ni mzima. Ni mzima. Anasikiliza.

"Masikio nimeyapa likizo," anasema akiutoa mpini mdomoni na kuufuta kwa kitambaa. "Kazi yao inafanywa na meno. Namshukuru Mungu bado ninayo karibu yote, maana ningekuwa kibogoyo ningefunga gereji."

Mpini wenyewe ni wa mbao, na umejaa alama za meno kama penseli ya mwanafunzi.

Mtaani hakuna anayetumia jina alilopewa na wazazi wake. Wateja, majirani, hata fundi redio wa mlango wa pili, wote wanamwita Sikio. Jina hilo alilipata akiwa kijana, alipokuwa fundi wa timu ndogo ya mashindano ya magari. Gari lilipita kasi barabarani, yeye akiwa amekaa na kikombe chake cha chai, na akasema plagi ya tatu haichomi. Walipolifungua, wakakuta plagi ya tatu haichomi kweli.

Leo jina bado lipo. Sikio lenyewe ndilo linaloaga.

Gari lililo mbele yake ni dogo kuliko mtu anavyotarajia. Lina milango miwili, bodi nyeupe, boneti ya buluu, na namba 14 iliyoandikwa mlangoni kwa brashi na mtu ambaye mkono wake ulitetemeka alipofika kwenye nne. Umri wake umepita miaka hamsini. Lilishindana kwenye barabara za vumbi, enzi ambazo watazamaji walisimama ukingoni kabisa mwa njia, wakiruka nyuma gari linapofika na kurudi mbele likishapita.

Dereva wake, wa timu ileile ya ujana wa Sikio, alikwisha kufariki. Mjane wake ndiye aliyempigia simu Sikio, miaka kumi na moja iliyopita, akamwambia, "Shemeji, njoo ulichukue. Kwangu linafuga paka tu."

Paka walikuwemo kweli, watatu, kwenye kiti cha dereva. Injini ilikuwa imeshikana kwa kutu, na nyaya zilikuwa zimeliwa na panya ambao paka hao hawakuona sababu ya kuwasumbua. Tangu siku hiyo Sikio amekuwa akiwahudumia wateja mchana, na saa zinazobaki ni za namba 14.

Ukimuuliza kwa nini anahangaika na gari kongwe kama hili ilhali magari mapya yana kasi kulishinda, yeye hayatukani magari mapya. Anaushika mkono wako na kuuweka juu ya kitu.

Anauweka kwanza kwenye pedali ya klachi, iliyotobolewa matundu. "Walitoboa hata pedali ili kupunguza uzito," anasema. "Unajua tundu moja linapunguza kiasi gani? Hakuna kitu. Lakini watu wale walikuwa wanatafuta ushindi mpaka ndani ya hakuna kitu."

Kisha anauweka kwenye mkanda wa ngozi unaofunga boneti, kwenye kirungu cha gia kilicholika upande mmoja kwa kiganja cha dereva, na kwenye saa ya mizunguko ya injini. Saa hiyo imefungwa kiupandeupande makusudi. Dereva aliyekuwa akirushwa huku na huku na mashimo hakuwa na nafasi ya kusoma tarakimu. Alitupa jicho mara moja tu, na mshale ukiwa umesimama wima, alijua ni wakati wa kubadili gia.

"Gari la siku hizi lina akili zake, linakusahihisha," anasema Sikio. "Hili halina akili hata kidogo. Akili uje nazo mwenyewe. Ndiyo maana nalipenda. Likikosea, mmekosea wote."

Kwenye bawa la kushoto, bati linalofunika gurudumu la mbele, kuna mbonyeo wa ukubwa wa sahani. Gari liligonga nguzo ya geti likiwa linaongoza mashindano, wakaukosa ushindi. Kuunyoosha mbonyeo huo ni kazi ya asubuhi moja, na Sikio hataki kusikia habari hiyo. Anasema akiunyoosha atakuwa amedanganya.

Neno hilo, kudanganya, lina uzito hapa. Katika gereji hii kila sauti ya injini ina jina. Kuna injini inayokohoa, inayokoroma, inayonung'unika. Sifa ya juu kabisa ni moja: injini inasema kweli. Sikio huitoa sifa hiyo kwa ubahili mkubwa, na wapo wateja wa miaka mingi ambao hawajawahi kuipata.

Namba 14 ina kabureta mbili, na hapo ndipo penye kazi. Kabureta ndiyo pua ya injini, na pua mbili zisipovuta hewa sawasawa, gari litatembea lakini halitasema kweli. Ili kuzilinganisha, fundi huchukua kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mluzi mwembamba wa hewa, kisha akazungusha skrubu kidogo kidogo mpaka miluzi yote miwili ifanane. Ni kazi ya sikio tupu.

Miaka miwili iliyopita mwalimu mmoja alileta gari lake dogo. Sikio alilitengeneza, akaliwasha mbele yake, akaweka mkono juu ya boneti kama anayepima homa. "Safi kabisa, mama," akasema. "Limetulia kama mtoto aliyeshiba."

Wakati huo mkanda wa feni ulikuwa ukipiga yowe. Fundi redio alitoka nje akiwa ameziba masikio. Mwalimu alidhani anafanyiwa dhihaka.

Binti yake Sikio, ambaye ndiye fundi wa pili wa gereji hiyo, alikuja akaizima injini. "Mkanda ule ungeweza kufufua wafu," anakumbuka. "Na Baba alikuwa anatabasamu. Hapo ndipo nilipojua. Nilikwenda nyuma ya gereji nikalia kwanza, halafu nikarudi kubadilisha mkanda."

Hospitalini daktari alipima, akaeleza taratibu. Miaka karibu hamsini ya kelele za injini za mashindano ilikuwa imekula masikio yote mawili, la kulia zaidi. Kelele huanza kwa kuua sauti nyembamba: ndege, filimbi, mkanda wa feni, sauti za watoto, na katika maneno huondoka na ile herufi S. Ngurumo nene hubaki mpaka mwisho. Kilichopotea hakirudi, daktari alisema, ila kilichobaki kinaweza kutunzwa, kama mzee atakaa mbali na kelele.

"Kwa hiyo hata jina langu nalisikia nusu," anasema Sikio. "Watu wananiita 'Ikio'. Nimenyang'anywa herufi yangu ya kwanza bila hata kuulizwa."

Jioni ya siku hiyohiyo aliyotoka hospitalini alikutwa kainamia injini ya namba 14, masikio wazi. Mke wake alisimama mlangoni mwa gereji akasema methali ambayo hakuhitaji kuitafuta mbali: sikio la kufa halisikii dawa.

Hacheki anapoisimulia siku hiyo. "Gari la mtaa wa pili analisikia," anasema mama huyo. "Mimi niliye naye mezani naomba chumvi mara tatu. Miaka arobaini na miwili nimegawana huyu mwanamume na magari, na sikulalamika. Basi nikamwambia hivi: mgongo, mikono, meno, vyote gari lichukue. Sikio lililobaki ni langu."

Wakakubaliana. Injini hiyo haitawashwa tena bila masikio kuzibwa. Waswahili husema mtu asiyetaka kusikia ametia pamba masikioni, na Sikio ametia pamba ya kweli, tena kwa amri ya mke wake, ili aendelee kumsikia.

Lakini makubaliano hayo yana bei, na mzee haifichi. "Nilianza kulijenga gari hili kwa ajili ya sauti," anasema. "Si mbio, si picha. Nilitaka nilisikie likisema kweli, kama zamani, mara moja tu kabla sijafa. Sasa siku litakaposema, kila mtu atasikia isipokuwa mimi. Inauma. Inauma sana."

Asubuhi hii ndiyo ya kulinganisha kabureta. Binti, mwenye miaka thelathini na mmoja na ovaroli iliyofungwa mikono kiunoni, ameziba sikio moja kwa kitambaa na mpira kauweka kwenye lingine. Anasikiliza ya mbele, anasikiliza ya nyuma. Baba ameng'ata mpini. Anafumbua macho, ananyanyua kidole gumba. Binti anatikisa kichwa, kisha anazima injini.

"Imekaa," anasema baba.

"Bado, Baba. Ya nyuma inavuta zaidi."

"Meno yananiambia imekaa."

"Meno yanapata mtetemo. Huku kwenye mpira kuna mluzi, na huu wa nyuma ni mwembamba zaidi."

"Mwanangu, sikio halipiti kichwa."

"Halipiti, Baba. Lakini kichwa bila sikio kitasikiaje?"

Mzee anauchukua mpira, anasogeza ncha yake karibu na kifuniko chekundu, kisha anabaki ameushika tu. Binti anasema kwa upole, akimtazama usoni ili ayasome maneno mdomoni. "Baba, huo mluzi huwezi kuusikia. Hata ukivua hivyo vifuniko, huwezi."

Ndugu msomaji, hakuna mtu aliyewahi kumwambia Sikio kwamba hasikii, kwa maneno hayo, ndani ya gereji yake. Anauweka mpira ule chini. Halafu anatia mkono mfukoni, anatoa bisibisi ndogo ambayo miaka yote hiyo haikugusa skrubu za kabureta hizo kwa mkono mwingine wowote, anampa binti yake.

"Robo mzunguko," anasema. "Usiwe na pupa. Na usimwambie mama yako kwamba nimeshindwa mabishano."

Binti anawasha injini tena, anazungusha. Anasikiliza mbele, anasikiliza nyuma, anarudisha kidogo sana. Kisha anaingia kwenye gari na kukanyaga mafuta.

Mwandishi wa makala haya si mtu wa magari. Lakini hata yeye alisikia tofauti. Kwanza kulikuwa na kitu kama watu wawili wanaosema kwa pamoja, kila mmoja akitaka asikilizwe yeye. Sasa alikuwa anasema mmoja, kwa sauti nene iliyopanda mpaka juu bila kukwama popote. Fundi redio alitoka nje tena, na safari hii masikio aliyaacha wazi.

Sikio hakusikia. Alichokiona ni uso wa binti yake nyuma ya kioo, mdomo wazi, macho yamemtoka. Mkono wake wa kushoto ukapanda kwenye kifuniko. Vidole vikaingia chini ya ukingo wake, na vikakaa hapo. Sote tulimwona. Hakuna aliyemzuia, na kulisikiliza gari kungechukua dakika moja tu.

Akavitoa vidole. Akakipigapiga kifuniko kama kuhakikisha kimekaa vizuri, akainama, akaung'ata mpini tena na kufumba macho. Machozi yalimtoka mpaka kwenye ndevu.

"Andika kwamba nililia," alisema baadaye, injini ikiwa imezimwa na vifuniko viko mezani. "Meno nayo yamesema. Inasema kweli."

Mke wake alikuwa ameingia na chupa ya chai, ameshikana mkono na mjukuu, mtoto wa kike wa binti yao, ambaye bado hajatimiza miaka minne. Mtoto akamponyoka bibi yake na kukimbia. "Babu Tikio!" akaita. Mzee akageuka papo hapo.

Hapa pana jambo la kuelezwa. Mtoto huyu bado hajaweza kutamka S, anaiweka T. Na T, kwa bahati njema ya babu, inamfikia. Mtaani kote, yeye ndiye mtu pekee anayemwita jina likasikika zima. Ndiyo maana ndani ya nyumba hiyo ni marufuku kumsahihisha.

"Juzi kasema 'sabuni', safi kabisa," anasema bibi, akimimina chai. Anasubiri mumewe amtazame ndipo aendelee. "Siku zinakuja."

"Nimesikia," anajibu Sikio. Na alikuwa amesikia.

Mwezi ujao magari ya zamani ya mashindano yatakusanyika kwenye njia ileile ya vumbi, si kwa kushindana, bali kwa kuzunguka ili watu wayaone. Binti ndiye atakayeendesha namba 14. Sikio atasimama kwenye kona ya pili, nyuma ya uzio, amevaa vifuniko vyake, mjukuu naye amenunuliwa vyake vidogo. Anasema ardhi itatetemeka miguuni na hiyo itamtosha.

"Gari likishapita, likiwa mbali, tutavua wote wawili," anasema. "Mimi nitamuuliza mjukuu limesemaje. Na atakavyotamka yeye, hivyo ndivyo lilivyosema."