Siku Niliyotakiwa Kumwoza Dada Yangu

Baba alipofariki, haki ya kumwoza dada yangu iliniangukia mimi. Ndivyo ilivyo kwetu: baba, kisha babu, kisha ndugu wa kiume, na baada yao ndipo ami. Babu alikuwa ametangulia zamani. Kwa hiyo kati ya dada yangu na ami yetu nilisimama mimi peke yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu niliyerudi Msambweni likizoni, mwenye vitabu, ndevu chache na maswali mengi kuliko adabu.

Dada alikuwa na sababu ya kunitegemea. Ami alikuwa amewahi kumtoa shule ili ampe rafiki yake wa Kinango, mzee mwenye ng'ombe na wake wawili. Nilisafiri kuja kumzuia, tukatupiana maneno barazani mbele ya watu, na dada akarudi darasani. Sasa alikuwa amejichagulia mume mwenyewe, mwalimu kijana wa upande wa Diani, na sharti lake lilikuwa moja tu.

"Mkono wa mume wangu uushike wewe, kaka," aliniambia. "Akiushika ami, maisha yake yote atasema ni yeye aliyenitoa."

Nikamwahidi.

Jambo ambalo wakwe hawakulijua ni kwamba nilikuwa na ugonjwa wa sukari, ule unaowashika watu wangali vijana na hauondoki. Ulinianza mwaka wa kwanza chuoni. Nilikonda, nikawa nakunywa maji kama mchanga. Tangu hapo nilijidunga insulini kila asubuhi. Nyumbani chupa ya dawa ilikaa ndani ya kopo, kwenye mchanga wenye unyevu chini ya mtungi, na bomba la kioo na sindano yake nilivichemsha katika sufuria ndogo ambayo mama alikataza isipikiwe kitu kingine. Akija mgeni akaiona jikoni, mama alisema, "Ana tumbo huyu, tangu utotoni." Aliogopa. Wakwe wakisikia kuna maradhi katika ukoo, nani atamtaka binti? Uhuru ulikuwa bado mpya, na kila kiongozi aliyepanda jukwaani alituambia sisi vijana kwamba ndio nguvu ya taifa. Nguvu yangu ilikuwa imefukiwa chini ya mtungi.

Sindano haikunitesa kama kutojua kulivyonitesa. Sukari ikishuka mwilini, mikono hutetemeka, jasho la baridi hutoka, moyo hukimbia. Mtu akiwa na hofu, ni vivyo hivyo. Nami nilikuwa na hofu karibu kila siku, kwa hiyo sikuweza kutenganisha. Niliweza kuuchemsha mkojo na ile dawa ya samawati na kutazama ukigeuka kijani au rangi ya tofali, lakini hizo zilikuwa habari za saa zilizokwisha kupita. Ya sasa hivi sikuwa na njia ya kuyajua. Mimi niliyewadai mashehe na wanasiasa ushahidi wa kila neno, sikuwa na ushahidi wa kilichokuwamo ndani ya mishipa yangu mwenyewe.

Pombe ilinituliza. Hilo niligundua chuoni, na daktari mmoja alinionya mapema. Alisema ini ndilo linalotoa sukari ya akiba mtu asipokula, na likishughulishwa na pombe huiacha kazi hiyo. Sukari inaweza kuanguka hata asubuhi ya pili, mtu akidhani yamekwisha. Nikambishia. Tembo la mnazi ni tamu, nikamwambia, litaishushaje sukari?

"Tembo la asubuhi au la jioni?" akaniuliza.

Nilicheka tu. Jibu nililijua. Mtoto yeyote wa pwani analijua: la asubuhi ni sukari, la jioni ni pombe.

Siku moja kabla ya harusi, baada ya alasiri, nilitoka nyumbani nikiwa nimeshalisema lile neno "nimekuoza" kichwani mpaka likapoteza maana. Nilikwenda kwa sahibu yangu tuliyesoma pamoja, Mduruma na Mkristo, ambaye kwao tembo halikuwa siri. Kwetu lilikuwa siri ambayo kila mtu aliijua, mradi hakuna aliyeitaja.

"Kwani anayeoa ni nani?" alinicheka aliponiona. "Yule mwalimu au wewe?"

"Tazama mikono hii. Ikitetemeka kesho watasema nini?"

"Watasema unampenda dada yako. Kaa chini."

Akanipa kata ya kwanza. Tembo lilikuwa limegemwa mnazini asubuhi, na kufikia saa ile utamu wote ulikuwa umegeuka ukali. Niliuhisi ukali huo ulimini na nikajiambia kuwa ni tamu. Baada ya kata kadhaa mikono ilitulia kama ya mtu mwingine. Niliporudi nyumbani nilimwambia mama nimeshiba, nikalala bila kula.

Asubuhi nilijidunga kipimo changu cha kila siku, kisha nikasubiri chakula. Lakini kwetu mwenye shughuli hali chakula kabla ya wageni. Shangazi zangu walikuwa wamepiga magoti mbele ya masufuria, macho mekundu kwa moshi, na mimi ndiye niliyekuwa mwenye nyumba. Kuomba kitumbua kimoja kungekuwa neno dogo sana. Nilishindwa kulisema. Wageni wa Diani walichelewa. Mikono ilipoanza kutetemeka nilijiambia: ni hofu tu, subiri.

Walipofika na kuketi, niliingia ndani kumwuliza dada ridhaa yake, kama ilivyo ada. Alikuwa ameketi kitandani amefunikwa, mikono imejaa hina.

"Unaridhia nikuoze kwake?"

Aliinua ukaya kidogo akanitazama. "Kaka, umekula?"

"Nimekula."

"Mbona unatoka jasho?"

"Joto. Unaridhia?"

"Naridhia," akasema, lakini jicho lake halikunitoka.

Barazani shehe aliuweka mkono wa bwana harusi ndani ya mkono wangu. Wake ulikuwa mkavu, wangu umelowa. Shehe akasoma hotuba, kisha akanigeukia kwa upole.

"Sema, mwanangu: nimekuoza dada yangu."

"Kwa nini?" nikasema.

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni mzaha. Shehe akarudia. Nami nikasikia sauti yangu, imejaa kiburi, ikiuliza, "Ushahidi uko wapi?"

"Ehee, elimu hiyo!" mzee mmoja akasema nyuma.

"Elimu gani?" mwingine akamjibu. "Nusa vizuri. Hiyo imegemwa."

Kicheko cha pili hakikuwa kama cha kwanza. Niliyasikia yote, na watu hawaamini nikiwaambia. Nilikuwamo, nikisikia na kuona, lakini aliyeushika ulimi wangu hakuwa mimi. Na aliyeushika alikuwa ananijua vizuri, maana alinisemea maneno yangu yale yale ya kila siku.

Ami aliinuka. "Shehe, mlevi haozi. Niachie mkono huo."

Hapo nikaanguka ubavuni mwa bwana harusi.

Pazia la mlango lilivutwa, na dada yangu, ambaye hakupaswa kuonekana na mwanamume wa nje hata mmoja mpaka jioni, akatoka na hina yake na nguo zake za harusi, amebeba jagi la sharubati. Mama alikuwa nyuma yake, amemshika nguo.

"Usimpe! Usimpe, mwanangu! Sukari ndiyo inayomuua!"

"Leo inamuua kwa kukosekana, mama. Niachie!"

Basi mama, aliyeuficha ugonjwa wangu kwa miaka miwili, ndiye aliyeutangaza mbele ya wakwe. Dada alinikamata kidevu akaninywesha kwa nguvu. Sharubati ilinimwagikia kanzuni, ikamwagikia na kanzu ya bwana harusi. Taratibu nikajua tena nilipokuwa.

Baba wa bwana harusi ndiye aliyeanza kuuliza. "Maradhi haya yamo katika damu yenu?"

"Baba," mwanawe akasema, akijifuta sharubati kifuani, "nimekuja kuoa. Sikuja kupima damu."

Mzee akakohoa, akatazama chini. Dada alikuwa amekwisha rudi nyuma ya pazia. Shehe akaniuliza kama naweza kuendelea, nikasema naweza. Nyuso zilizokuwa zikinicheka sasa zilinihurumia. Mzee aliyesema elimu yangu imegemwa alikuwa akinipepea kwa kofia yake.

"Na harufu je?" Ami hakuwa ameketi.

"Ni dawa," sauti ya dada ikatoka nyuma ya pazia. "Dawa yake hunuka hivyo."

Shehe akanitazama. "Ndivyo, mwanangu?"

Kuitikia kwa kichwa kungetosha. Mkono wa bwana harusi ulikuwa bado karibu, umenyooshwa, ukisubiri wangu. Nilitazama ule mkono, nikatazama ndevu nyeupe za shehe, ambaye angeniamini.

"Hapana," nikasema. "Jana nilikunywa tembo."

Shehe hakunikemea. Alinishukuru kwa kusema kweli, akaniambia nisogee. Nikasogea mpaka ukutani, kanzu imenigandia mwilini, na ami akakunja miguu pale nilipokuwa nimekaa. Alilisema lile neno mara moja tu, kwa sauti kubwa, bila kukosea.

Alasiri, kabla hajachukuliwa kwenda Diani, dada aliniita chumbani. Nilifikiri atanipa pole.

"Ungenyamaza tu," akasema.

"Ungekuwa uongo."

"Uongo ulikwisha kuusema asubuhi, nilipokuuliza kama umekula. Huu wa pili ulikuwa wangu mimi. Nimeusema mimi, mbele ya wakwe zangu, kwa ajili yako. Wewe kazi yako ilikuwa kunyamaza."

Nilikuwa na majibu. Nilitaka kumwambia kuwa ndoa haijengwi juu ya uongo, kuwa nilifanya hivyo kwa heshima yake. Lakini nilipoyatafuta maneno hayo moyoni nilikuta kitu kingine kabisa: pale barazani sikuwa nimemfikiria yeye hata kidogo. Nilikuwa nimeona aibu kubwa mno, nikataka iondoke kwangu haraka, na ukweli ndio uliokuwa karibu na mkono.

"Dada..."

"Usinijibu, kaka. Leo usinijibu."

Nje gari lilipiga honi, na ami akapiga kelele uani, sauti yake imejaa furaha: "Haya jamani, mtoeni binti yangu! Jua linakwenda!"

Dada alijifunga buibui lake, akanipita mlangoni, akatoka kumwendea.