Riwaya ya Vipande Kumi na Saba

Ni saa tatu na robo asubuhi, na fundi ameshasinzia mara mbili akiwa amesimama. Mkono wa kulia umeshika sindano, wa kushoto umebana karatasi, kidevu kimeshuka mpaka kifuani. Mwenzake anagonga meza kwa mpini wa brashi, naye anaendelea kushona pale pale alipoachia.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya maktaba, mlango wa pili baada ya choo. Kina dirisha moja, meza mbili, chuma cha kukandamizia vitabu na harufu ya gundi isiyotoka hata kwenye nguo zilizofuliwa. Kwa miaka kumi na moja fundi huyu amepokea hapa vitabu vilivyochanika na kuvirudisha rafuni vikiwa vizima. Wafanyakazi wote wanamwita Gundi, na ameshazoea kuitika.

Miezi mitano iliyopita Gundi alipata mtoto wa kwanza, binti. Nyumbani wamembandika jina la Mkaguzi, kwa sababu kila baada ya saa mbili anaamka kuhakikisha kwamba hakuna aliyelala. Baba mtu anasema analala saa tatu kwa siku, nne akibahatika. Lakini akiulizwa ni kitu gani kilimtisha tangu mtoto azaliwe, hataji usingizi. Anamtaja mkewe.

Mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke ambaye, kwa maelezo ya mama yake mzazi, "akianza kuongea asubuhi, chai inapoa hujapata nafasi ya kuinywa." Baada ya kujifungua alinyamaza. Alinyonyesha, alifua, alimwogesha mtoto kwa wakati. Ila akiulizwa neno, jibu lilikuwa moja tu.

"Unaumwa? Sawa. Umekula? Sawa," anasimulia Gundi. "Nikafika mahali naogopa kumuuliza. Mtu yuko mbele yako, na humwoni."

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyewaeleza kwamba ule ni ugonjwa, kwamba huwapata mama wengi baada ya kujifungua, na kwamba unatibika. Akampangia mwalimu kuonana na mshauri kila Jumanne. Kisha akamgeukia mume na kumuuliza mkewe alikuwa anapenda nini.

Alikuwa anapenda vitabu. Kila likizo ndefu, joto likipamba moto, mwalimu alitandika mkeka sakafuni, akafungua mlango wa upande wa upepo na kusoma riwaya za mapenzi na vichekesho mpaka sufuria inaungua jikoni. Alimaliza nne kwa mwezi. Likizo hiyo ilikuwa imekaribia tena, na Gundi akaona aanzie hapo.

Hapo ndipo aibu yake ilipojitokeza. "Miaka yote hii nashona vitabu, sijawahi kusoma hata kimoja mpaka mwisho," anakiri. "Mimi kitabu nakijua mgongo. Cha ndani sikuwa nakijua."

Kitabu cha kwanza alichompelekea kilikuwa na kurasa mia nne. Mama anayenyonyesha ana mkono mmoja tu ulio huru. Kitabu kilimponyoka, kikaangukia mguu wa mtoto. Cha pili kilikuwa chembamba, chenye maua kwenye jalada, lakini ukurasa wa ishirini na mbili mtoto anafariki. Mkewe alikifunga taratibu, akakisukuma chini ya kitanda, akageukia ukutani.

"Siku ile nilijichukia," anasema. "Nilimpelekea msiba kwa mkono wangu mwenyewe."

Tangu hapo saa yake ya chakula cha mchana akaitumia kupekua rafu, akisoma kwanza kurasa za mwisho kuhakikisha kwamba wote wako hai. Ilimchukua wiki mbili. Alichokitafuta alikikuta kwenye boksi la vitabu vilivyofutwa katika orodha ya maktaba, jalada limeliwa na unyevu. Ni kisa cha msusi anayeposwa na wanaume watatu ndani ya wiki moja, na hakuna anayekufa isipokuwa jogoo.

Tatizo ni kwamba kilikuwa kinene. Gundi akafanya jambo ambalo fundi wa vitabu halifanyi akiwa na akili timamu: alichukua kisu akakitenganisha kitabu.

Hakukikata ovyo. Kitabu cha kushonwa huundwa kwa karatasi kubwa zilizokunjwa, kila moja ikitoa kurasa kumi na sita, kisha zote zikaunganishwa kwa uzi. Gundi alikata uzi, akatoa mikunjo yote kumi na saba, akaushona kila mmoja peke yake na kuuvalisha jalada laini. Vikapatikana vijitabu kumi na saba, kila kimoja chepesi kuliko simu. Akaviandika namba kwa penseli.

Asubuhi kabla ya kutoka aliacha cha kwanza kwenye mkono wa kiti anachokalia mkewe akinyonyesha. Siku tatu hakikuguswa. Siku ya nne alirudi akakikuta kifudifudi, kimefunguliwa katikati. Akakiacha vilevile, kwa hofu ya kuharibu. Kilipokwisha akaweka cha pili, halafu cha tatu.

Mafundi hupiga mstari chini ya namba sita na namba tisa ili zisichanganyike kijitabu kikigeuzwa juu chini. Gundi, kwa uchovu, alisahau. Zamu ya cha sita ilipofika, akaacha cha tisa na kwenda zake kazini.

Saa nne na nusu simu ikaita. Alikuwa mkewe, ambaye hakuwa amempigia kwa wiki saba.

"Wewe, huyu kavishwa pete na nani?" mwalimu aliuliza. "Jana alikuwa hajamkubali mtu. Cha sita kiko wapi?"

"Nitakuletea jioni, mama."

"Jioni? Nikae mpaka jioni sijui alimchagua nani? Mtu mzima unashindwa kuhesabu?"

Gundi anasema ilibidi akae juu ya ndoo ya gundi. "Nagombezwa, na machozi yananitoka."

Msimamizi wake anaikumbuka asubuhi hiyo. "Hapa kuchanganya mpangilio wa kurasa ni aibu kubwa," anasema. "Yeye alikuja mbio kunionyesha kosa lake kama mtu aliyefaulu mtihani. Nikamwambia nenda nyumbani, peleka hicho kijitabu."

Mwalimu mwenyewe, akiwa amekaa mlangoni na mtoto mapajani, hapendi habari yake ipambwe. Anaongea polepole, na mara nyingine sentensi inamkatikia.

"Watu wanataka niseme kitabu kimeniponya. Hapana," anasema. "Mshauri ananisaidia, mama ananisaidia, na bado kuna siku naamka sitaki kuamka. Ila zile kurasa kumi na sita niliziweza. Nilikuwa siwezi kitu kingine chochote. Hizo niliziweza."

Cha kumi na saba alikimaliza likizo ikiwa katikati. Jumanne iliyopita, kwenye benchi la kliniki, alikaa karibu na binti mmoja mwenye kichanga cha wiki sita. Alimsalimia mara mbili, hakuitikiwa. Akatoa kijitabu cha kwanza kwenye mkoba, akaandika namba yake ya simu nyuma ya jalada, akamwekea juu ya furushi lake la nepi. Mpaka siku ya mahojiano haya simu ilikuwa haijaita.

Jumanne ijayo mshauri hayupo, na mwalimu hana miadi. Atakwenda kliniki vilevile na kijitabu cha pili, kwa sababu binti yule atamrudisha mtoto kupimwa. Gundi ameomba ruhusa kazini ili ambebe mtoto.

"Na ukikuta hajakisoma?" anamuuliza mkewe, akimpokea Mkaguzi aliyeanza kulia.

Mwalimu anatia kijitabu cha pili kwenye mkoba.

"Nitakaa naye tu," anasema. "Hata mimi kuna mtu alikaa nami."