Saa Mbili za Melania Potoy

Kwa miaka kumi na saba, taarifa ya hali ya hewa pale Moyogalpa, kisiwani Ometepe katikati ya ziwa, iliandikwa na Melania Potoy. Haikuzidi ukurasa mmoja: nchi kavu, ndege, vyombo vya ziwani, hadi kesho asubuhi. Aliibandika ubaoni gatini, kisha akaisoma redioni kwa sauti kavu kama ya karani wa mahakama. Wavuvi walimtania, "Mama Upepo, leo umetuamulia nini?" Naye aliwajibu, "Nimeamua mshinde nyumbani mkawasaidie wake zenu kuchoma tortila za mahindi."

Asubuhi moja ya Novemba habari zilikuwa mbaya kotekote. Matope yalikuwa yameporomoka kutoka mlimani yakaziba barabara ya kaskazini. Upepo uliokata njia ya kurukia ulifunga uwanja wa ndege. Ziwani mawimbi yalipita kimo cha mtu, na Melania aliandika: chombo chochote kisitoke. Hata feri ilikuwa imefungwa kamba ng'ambo, San Jorge, tangu jana yake.

Saa tatu, Daktari Urbina aliingia ofisini bila hodi, koti lake limelowa damu.

"Dada Melania, Yaoska Mairena anavuja damu. Mimba ya miezi minane. Hapa siwezi kumpasua, sina damu ya kumwongezea. Ndege vipi?"

"Rubani amekataa. Na ningekuwa yeye, ningekataa."

"Basi ziwa."

"Ziwa si umeliona?"

"Nimeliona. Nakuuliza litakuwaje."

Melania alipiga simu kituo cha hali ya hewa cha pwani ya mashariki. Huko upepo ulikuwa umelegea ghafla, na wingu lingine lilikuwa bado mbali. Alipiga hesabu, akairudia.

"Kuanzia saa nne na nusu patatulia. Saa mbili, hivi."

"Hivi?"

Daktari alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango. "Saa mbili," Melania akasema, na papo hapo akajua kwamba ameahidi asichokuwa nacho.

Boti yenye injini ya kutosha ilikuwa moja tu, ya Nicasio Carmona. Melania ndiye aliyemsimamia bintiye ubatizo, na tangu siku hiyo waliitana wazazi wenza.

"Mzazi mwenzangu," Nicasio alisema, akiutazama ubao, "si wewe uliyeandika hapa kisitoke chombo?"

"Ni mimi."

"Na sasa unaniambia nitoke."

"Una saa mbili. Wewe unavuka kwa moja."

"Hilo nalo liandike. Nisije nikazama halafu wakasema Nicasio alikuwa mlevi."

Alicheka peke yake. Melania aliandika chini ya taarifa yake, akatia saa na jina.

Upepo ulilegea kweli, ila kwa kuchelewa, karibu saa tano. Walimlaza Yaoska juu ya godoro, daktari ameshika chupa ya dripu, mumewe Elvin amemkumbatia kichwa. Boti ikaondoka. Melania alisimama gatini akihesabu dakika. Ya arobaini na tano ilipofika, karatasi za ubaoni zikaanza kupigapiga. Ziwa likageuka rangi.

Aliita redioni, akaita tena. Mama yake Elvin alikuwa ameketi kwenye gunia la ndizi, anamtazama.

Saa nane simu ililia. Boti ilikuwa imetupwa kwenye miamba kusini mwa San Jorge ikapasuka. Yaoska alibebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi barabarani, akafikishwa hospitali, akapasuliwa kwa wakati. Yu hai, na mtoto wa kike yu hai. Nicasio alipoikinga boti isimgonge mgonjwa, mkono wake wa kulia ulibanwa kati ya mbao na jiwe. Vidole vitatu vilikatwa.

Daftarini Melania aliandika: utabiri, saa mbili; ilivyokuwa, dakika arobaini na tano. Siku chache baadaye Elvin alimletea mkungu wa ndizi. Aliupokea, akashindwa kuula, akawagawia majirani.

Nicasio alikuja baada ya wiki tatu, mkono umefungwa bendeji.

"Ungeniambia saa moja, nisingekwenda."

"Najua."

"Na Yaoska angekufa."

"Angekufa."

Nicasio aliinuka aondoke. "Ndiyo maana sijui nikwambie nini, Melania." Hakumwita mzazi mwenzangu.

Injini aliiuza, akapata kibarua cha kupima ndizi ghalani. Jumapili kanisani huitikia salamu ya Melania, basi. Melania aliwaandikia wakubwa wake barua kuomba apangiwe kazi nyingine. Walimjibu kwamba hakuna aliyekubali kuja kisiwani kushika nafasi yake. Kesho yake alfajiri alipanda tena ngazi za gatini kwenda kusoma vipimo vya upepo, na wavuvi waliokuwa hapo walimpisha bila kumtania.