Jenereta la Mama Presha

Mtaa mzima ulimwita Mama Presha, naye wala hakununa. Presha ya maji ndiyo kazi yake, maana alikuwa fundi mkuu wa kituo cha kusukuma maji. Ile nyingine, ya kufoka, alizaliwa nayo.

Mafuriko ya mwaka uliopita ndiyo yaliyompandisha mori. Umeme ulikatika, maji yakakatika, simu nazo kimya. Mafuriko yalipopungua akawaita wahusika ofisini kwake, wakabanana kwenye benchi moja. Watu wa maji wakasema wanategemea umeme. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa umeme, akasema wao wanategemea simu ili wajue nguzo ipi imeanguka. Watu wa mnara wa simu wakasema wanategemea umeme.

"Ala! Kumbe tumeshikana mashati huku wote tunazama!" Mama Presha akapiga meza kofi.

Wakacheka mpaka machozi, kisha wakaona aibu, kisha wakafanya kazi. Jenereta likapandishwa juu ya jukwaa la zege refu kuliko mtu, mapipa ya mafuta pembeni yake. Waya mmoja ukaenda kwenye pampu, ambayo hukaa ndani ya kisima na haiogopi maji, mwingine kwenye mnara wa jirani. Watani wakasema jenereta limejengewa ghorofa, mwenyewe bado amepanga.

Basi mvua ikarudi, tena siku ambayo binti yake wa pekee alikuwa hospitali, uchungu umemshika tangu alfajiri. Mkunga aliwahi kupiga simu kabla mtandao haujakata: mtoto amekaa vibaya, anahitaji upasuaji, na tangi la hospitali limekauka. Bila maji daktari hagusi kisu.

Mama Presha akatimka kituoni, maji yakimfika kiunoni. Jenereta lile pale juu, kavu, limetulia kama bibi harusi. Akanyoosha mkono kutafuta ngazi.

Ngazi!

Ngazi ya chuma aliifungia stoo mwenyewe, watoto wasipande, wezi wasinyonye mafuta. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Stoo ilikuwa chini, maji yamefunika kitasa, mlango haufunguki ng'o.

"Uwii! Shemeji!"

Shemeji alikuwa ndiyo kwanza anafika, amekuja kukagua waya. Akatazama jukwaa, akatazama ufunguo, akaangua kicheko mpaka akameza maji.

"Ukimaliza kucheka, nibebe!"

"Wewe? Shemeji, mgongo huu ndio ninaoutegemea."

"Nami nautegemea huo huo. Inama!"

Akainama. Mama Presha akapanda mabegani, wakayumba huku na huko, akamshika masikio, akamkanyaga kichwa, hatimaye akajirusha jukwaani. Buti moja likabaki mikononi mwa shemeji.

"Usiwashe, nitoke majini kwanza!" shemeji akapiga kelele, akiparamia ukuta wa kituo.

Alipotoka, Mama Presha akawasha. Likakohoa, likazima.

"Mwanangu yuko kule!" akalifokea. Akawasha tena, na safari hii likanguruma.

Kando ya jenereta, mshale wa kipimo cha presha ukapanda. Maji yakaondoka kwenda hospitali. Taa ya mnara ikawaka, na kitambo kidogo simu ikalia kwenye mfuko wa kifuani, mkunga tena: daktari amenawa, wameingia. Mama Presha akakaa juu ya pipa, macho kwenye mshale. Hata shemeji akaacha utani.

Simu ikalia tena. Safari hii hakusema mtu. Kililia kitoto, kwa sauti ya kufoka.

"Presha ya bibi yake hiyo!" Mama Presha akacheka, akalia, akacheza jukwaani na buti moja, huku shemeji akicheza na lile jingine juu ya ukuta. Furaha ilimjaa mpaka akasahau kwamba hana pa kushukia.

Mtoto ana jina zuri la bibi yake mzaa baba, lakini mtaani anaitwa Ngazi. Ile ya chuma nayo imechomelewa jukwaani, haitoki. Wingu likitanda tu, Mama Presha huipanda, akashuka, akapanda tena, mjukuu mgongoni.